Kaskazi moja Pangani: nilivyopata msimu wangu wa kwanza mzuri baharini

Misimu miwili mfululizo nilikuwa natoka Moshi kwenda Pangani kuvua na kurudi na barafu tupu. Safari saba, nguru wanne, na mishipi iliyokatika nimeacha kuihesabu. Msimu huu wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, tumetoka mara tisa na hakuna siku tuliyorudi mikono mitupu. Nguru 26, jodari 11, felusi 9, kolekole wawili wakubwa, na sulisuli watatu ambao wote tuliwaachia. Wateja wa duka langu wamekuwa wakiniuliza tumefanyaje. Maelezo ya kaunta hayatoshi, ndiyo maana naandika.

Mimi uvuvi si mgeni nao. Nimekulia Mwanga, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, na baba yangu alitusomesha kwa perege na kambale. Maji ya Karanga, Weruweru na Kikafu yanaingia Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu wanakutana bwawani. Yakitoka pale ndiyo Mto Pangani, unaopita Korogwe na Hale mpaka baharini. Kwa hiyo nilipoanza kuvua chumvini nilijiona bado niko kwenye mto wetu, nimeufuata tu mpaka ulikoishia. Lakini ya bwawani hayakunisaidia sana huku. Perege anavuta kamba, nguru anaikata.

Tuko watatu: mimi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbuyuni, shemeji yangu ambaye ni fundi magari, na rafiki yetu mwalimu wa sekondari. Boti si yetu. Ni ya nahodha mmoja wa Pangani, mtu mzima, boti ya faiba ya futi 23 yenye injini mbili. Tunachanga mafuta, tunamlipa siku yake, na leseni ya uvuvi wa michezo tunakata mapema kabla msimu haujaanza.

Kosa letu la misimu ile miwili alilisema yeye, baada ya kutuvumilia muda mrefu. Nilimpigia simu Novemba, nikamwamkia, nikamwambia tunakuja wikiendi ya mwisho wa mwezi kama kawaida. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "nyie wa bara mnakuja mshahara ukitoka. Mimi hutoka maji yakiniruhusu. Tazama mwezi ndipo unipigie."

Nikatazama. Safari zetu zote saba za nyuma, tano ziliangukia bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati bahari inajaa na kupwa kwa zaidi ya mita tatu. Pale Pangani maana yake ni moja: maji yakipwa, mto unamwaga tope mbali sana nje, na majani yanajaa kwenye kila ndoana. Nguru anawinda kwa macho. Kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa haoni chambo chako hata ukiremba namna gani. Maji mafu, zile siku za nusu mwezi, mkondo unatulia, tope linabaki karibu na pwani, na maji safi yanasogea. Basi nikachukua kalenda ya ukutani, nikazungushia kalamu nyekundu tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 24 za kila mwezi mwandamo. Nyingi zikaangukia Jumanne na Jumatano. Duka nikamwachia mke wangu siku hizo, na nashukuru alikubali. Mwalimu aliumia zaidi yetu, kwa sababu shule zilipofunguliwa Januari hakupata tena nafasi ya katikati ya wiki.

Jambo la pili nililifanyia dukani kwangu, kilomita zaidi ya mia tatu kutoka baharini. Ninayo mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, ya kupimia misumari ya jumla. Misimu ya nyuma breki ya rili, kile kigurudumu cha fimbo kinachokunja mshipi, nilikuwa nakaza kwa kubahatisha: samaki akikimbia nakaza, akikaza naye nakaza zaidi, halafu "paa!", kimya. Shemeji ndiye aliyesema tupime. Tukafunga mzani kwenye nguzo ya baraza, tukaunganisha mshipi kwenye ndoano yake, mmoja akashika fimbo imepinda kama samaki yupo, mwingine akasoma namba. Mshipi wetu unabeba kilo 15. Kanuni waliyonayo wavuvi wa fimbo ni kuweka breki theluthi moja ya uwezo wa mshipi, kwa hiyo kilo 5. Nilipopima nilivyozoea kukaza, mshale ulikwenda kilo 11! Ongeza mtikisiko wa samaki akiruka, ongeza na fundo lenye kasoro, mshipi ulikuwa na haki ya kukatika. Tuliweka alama ya rangi ya kucha kwenye gurudumu la breki mahali pa kilo 5, na tangu siku hiyo mkono wangu hauvuki alama ile samaki akiwa mbali.

Kuhusu chambo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nahodha alinifundisha kwa mikono yake. Chambo bandia za plastiki tunazo na zinashika, hasa jodari. Lakini msimu huu nguru wengi wamekuja kwa chuchunge, wale samaki wembamba wenye mdomo wa chini mrefu. Tunawanunua alfajiri pwani, wapya, macho bado yanang'aa. Unamshika chuchunge kichwa na mkia, unampinda huku na huku taratibu mpaka usikie uti wa mgongo unalegea chini ya vidole. Ukimwacha mgumu anazunguka majini kama parafujo na kusokota mshipi wote. Kisha unamminya tumbo, kilichomo kitoke, asioze upesi juani. Ndoana inaingia chini ya shavu na kutokea tumboni, na mdomo unafungwa kwa waya mwembamba wa shaba ili maji yasimpasue. Ukimweka kando ya boti inayotembea, anaogelea. Nilikaa nikimtazama wa kwanza niliyemfunga vizuri kwa dakika nzima.

Mbele ya ndoana tunaweka waya, kwa sababu ya meno ya nguru, lakini mfupi, kama shibiri mbili tu. Waya mrefu kwenye maji maangavu unamfukuza. Halafu tunaburuta chambo nyuma ya boti, wenyewe wanaita kurambaza, kwa mwendo wa noti tano au sita (kama kilomita kumi kwa saa), mishipi minne, kila mmoja urefu wake ili isigongane kwenye kona.

Wapi? Nilidhani siri ni mwamba fulani. Mwamba upo, lakini msimu huu samaki wengi tumewapata kwenye mstari wa maji. Ukitoka mlango wa mto unaona kahawia, kisha kijani, kisha ghafla buluu, na kati ya kijani na buluu kuna mstari wa povu na takataka za mto, unaonekana wazi kabisa. Wadogo wanajificha pale, wakubwa wanapita kando yake. Tulikuwa tunaufuata kwa kuupinda, ndani na nje, ndani na nje. Desemba, mvua za vuli zikiwa zimesukuma uchafu mwingi, tulikuta shina la mgomba linaelea. Sidhani lilitoka kwetu, maana bwawa na mitambo ya Hale isingelipitisha. Labda ni la mashamba ya kule chini. Chini ya shina lile palikuwa na felusi, wa dhahabu na kijani, wamekaa kivulini. Tulipata watano kabla hawajashtuka. Tangu hapo hatupiti kitu kinachoelea bila kukizunguka. Na membe tukiwaona wanapiga mbizi mahali pamoja tunajua chini kuna jodari.

Kisiwa cha Maziwe tunakipita mbali. Ni hifadhi, hakuvuliwi, na nahodha hataki hata kusogelea.

Safari ya pili ilitutisha. Tuliisogeza siku nne kwa ajili ya harusi, ikaangukia karibu na bamvua. Samaki tulipata, wachache. Shida ilikuwa kurudi. Maji yalikuwa yanapwa kwa nguvu, mto mzima unatoka, na kaskazi imeshapanda inausukuma uingie. Pale mlangoni vikipambana hivyo viwili, mawimbi yanasimama wima, mafupi, yamefuatana bila nafasi. Shemeji alitaka tupite, akisema injini mbili zinatosha. Nahodha hakubishana naye. Alizungusha boti, akaenda nje, akatia nanga, akasema, "Tunasubiri." Tulikaa zaidi ya saa mbili, jaketi okozi mwilini, tukiyumba, mwalimu akitapika mpaka tangawizi yote ikamwisha. Maji yalipogeuka na kuanza kujaa, mlango ulitulia tukapita kama tunapita ziwani. Baada ya siku hiyo ratiba yetu inaanzia mwisho: kwanza tunajua saa ya kujaa kwa ajili ya kurudia, ndipo tunapanga saa ya kutoka. Mara nyingi ni kutoka saa kumi na moja alfajiri na upepo wa umande, ule unaotoka nchi kavu, na kurudi kabla ya alasiri. Fedha niliyotumia kwenye maboya, betri ya pili na simu ya akiba kwenye mfuko usioingia maji ni kubwa kuliko ya chambo bandia zote nilizonazo, na mwakani itakuwa hivyo hivyo.

Sulisuli wa kwanza alikuja Januari. Nahodha alimwona kabla yetu, pezi jeusi limechomoza nyuma ya chambo cha kulia. Alinifundisha nisivute. Ndoana tulizotumia kwa sulisuli ni zile za duara, ambazo samaki akigeuka zinajishika zenyewe pembeni mwa mdomo. Ukizivuta kwa pupa zinatoka. Nikalegeza rili, mshipi ukaanza kwenda, nikahesabu mpaka tano, nikarudisha breki kwenye alama. Mshipi ukanyooka, ukapanda juu, na samaki akatoka majini mzima, tanga limefunguka, buluu yake inawaka. Aliruka mara nane. Dakika 35. Kilo 5 za breki, sikuongeza.

Hapo ndipo palipo na jambo linaloniuma. Tulikubaliana mapema kwamba sulisuli tutawaachia, na nahodha analipwa siku yake vilevile, kwa sababu kwake samaki yule ni fedha sokoni na sina haki ya kumnyima riziki kwa kupenda kwangu. Lakini yule wa kwanza tulimwinua, tukamlaza kwenye ukingo wa boti, picha moja, nyingine, na mwalimu naye, na simu ikagoma. Tulipomrudisha alizama kiubavu, hakupiga mkia. Sijui kama aliishi. Wawili waliofuata hawakutoka majini. Nahodha alivaa glavu, akashika mdomo mrefu kando ya boti, mimi nikatoa ndoana kwa koleo, injini ikasogea polepole mbele ili maji yapite mashavuni mwake. Yule wa mwisho nilihisi nguvu zinamrudia kwenye mkono wa nahodha, mkono ukaanza kutetemeka, halafu akajichomoa na kwenda.

Wa kula tunawatunza. Barafu tunaigandisha Moshi siku tatu kabla, kwenye madumu ya lita tano, mabonge hayo yanafika Pangani na kurudi. Jodari anachinjwa papo hapo damu itoke, nguru anatolewa matumbo na mashavu, wote wanazamishwa kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari kabla ya kupangwa. Tunaondoka jioni, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, joto la Same tunalipita usiku. Asubuhi nyama bado ngumu kama imetoka majini.

Safari ya mwisho, siku chache kabla ya mfungo, tulipata nguru wanne, mkubwa wao kilo 14. Huyo nilimpeleka Mwanga kwa baba. Alimkagua muda mrefu, akapitisha kidole kwenye meno, akaukunjua waya wangu na kulitazama fundo. Alitaka kujua chambo, nikamwambia. Kisha akauliza, "Mwezi ulikuwa wa ngapi?" Nikamjibu wa 22. Akatikisa kichwa kukubali, na ndipo akaanza kunieleza siku ambazo wao walikuwa hawatoi mitumbwi bwawani, habari ambazo miaka yote sikuwahi kumuuliza. Desemba anakuja nasi. Jaketi okozi la saizi yake nimeshalinunua, liko dukani juu ya kabati la rangi.