Hukumu Niliyoibeba Hadi Lamu

Mjomba wangu si mtu wa simu. Akipiga, ama kuna harusi ama kuna msiba. Kwa hiyo alipopiga mwanzoni mwa Novemba 2025 nilitoka darasani na chaki mkononi, moyo ukinidunda.

"Hukumu imetoka," akasema. "Watwambia tumeshinda. Lakini karatasi zenyewe ni za Kiingereza, na mimi sitaki kuambiwa, nataka kusomewa. Ndoo utusomee, mwanangu."

Hukumu aliyoitaja ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, iliyotoka Oktoba. Kampuni ya Amu Power ilikata rufaa kutaka irudishiwe leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, na mahakama ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Leseni yenyewe ilitolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mwaka 2016. Watu wa Lamu, waliojikusanya katika Save Lamu, walikwenda kuipinga, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta. Kutoka leseni hadi hukumu ya Malindi ni miaka tisa. Wapo waliopiga kelele mwanzoni ambao leo wamelala makaburini.

Nikaichapisha hukumu kwenye saiba moja ya Kisauni, Mombasa, nikaitia ndani ya bahasha ya kaki, bahasha nikaitia kwenye mkoba niliobeba kifuani njia nzima.

Basi lilitoka Mwembe Tayari kabla ya adhana ya alfajiri. Hadi Kilifi nilikuwa nasinzia. Malindi tulisimama watu wapate chai na mahamri, nami nikabaki dirishani nikiutazama mji kwa jicho jipya: kumbe jambo kubwa hivi limeamuliwa hapa, karibu na maduka ya leso na vibanda vya madafu, wala si Nairobi.

Baada ya Malindi kiti cha pili kikapata mwenyewe, mama mmoja wa Kipokomo anayerudi kwao karibu na Garsen. Alikuwa na mfuko wa mbegu za mahindi miguuni, na kila basi likirukaruka anauinamia kuushika. Nikamuuliza kama mvua za vuli zimefika kwao. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akanihesabia kwa vidole. Kwanza ukame ule ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua ikipita mitupu, hata jirani zake Waorma wakawa wanaburuta mizoga ya ng'ombe kuitoa malangoni. Kisha Novemba 2023 mto Tana ukafurika, barabara hii tuliyopita ikakatwa karibu na Gamba, watu wakavushwa kwa mashua mahali palipokuwa pakipita mabasi. Walipopanda tena, Aprili na Mei 2024 maji yakarudi. Migomba ilioza imesimama.

"Mara mbili nimejenga jiko," akasema. "Sasa sijengi. Napika nje."

Redio ya dereva ilikuwa ikizungumzia Belém, Brazili, ambako wajumbe wa mataifa walikuwa katika mkutano wa 30 wa tabianchi. Mama akasikiliza, kisha akanigeukia kwa upole kabisa: "Wewe ni mwalimu. Hawa wakikutana huko, huwa wanakubaliana nini?"

Nilijaribu. Nikamwambia mkutano wa kwanza ulikuwa Berlin, 1995. Nikamwambia ilichukua hadi Dubai, Desemba 2023, kwa mataifa kuandika kwa mara ya kwanza kwamba dunia ianze kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi katika nishati. Akaniuliza mwaka 1995 nilikuwa darasa la ngapi. Nikamwambia nilikuwa bado sijaanza shule. Akatikisa kichwa, akauvuta mfuko wake wa mbegu karibu zaidi. Aliposhuka aliniachia embe mbili, na nikajua kuwa sikumjibu.

Gamba tulikaguliwa vitambulisho, Witu tukakaguliwa tena. Msitu ukawa mzito pande zote mbili. Njia hii ina historia yake ya damu, na abiria hunyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Sikwenda moja kwa moja hadi Mokowe, kwenye boti za kuvukia kisiwani. Nilishuka Hindi, nikachukua bodaboda hadi Kwasasi, maana niliona si haki kuwasomea wazee habari za mahali ambapo sijapakanyaga. Kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki kwenye njia ya mchanga, akazima injini, akasema, "Ni hapa."

Hapakuwa na kitu. Vichaka, mikorosho, shamba la ufuta lililokauka, na mbali kidogo ule ukanda wa kijani wa mikoko. Hapa ndipo ungesimama mtambo wa megawati 1,050, na bomba la moshi lenye urefu wa mita 210, yaani jengo la KICC la Nairobi mara mbili, moja juu ya jingine. Makaa ya kuanzia yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito, upepo na jua, ingeagiza makaa ng'ambo ili iyachome kando ya mji wa kale ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2001. Nilisimama pale nikiwa na hasira. Hakuna aliyelazimishwa na umaskini kufanya hesabu hii. Ilifanywa na watu wenye kalamu nzuri, ofisini penye kiyoyozi, na ikatetewa majukwaani miaka nenda miaka rudi.

Yule kijana hakuwa na hasira ya aina yangu. Baba yake ana shamba palepale. "Walitwambia tusipande miti ya kudumu kwa sababu tutalipwa fidia tuhame," akasema. "Tukangoja. Korosho tungepanda wakati ule sasa tungekuwa tunavuna." Alikuwa akitarajia kazi, na hakunificha. Aliniambia wapo waliousikitikia mradi ulipoanguka, na kwamba hakuna kiongozi hata mmoja aliyerudi kuwaambia: haya, limekwisha, limeni. Nimelifikiria neno hilo kuliko mengi niliyosikia safarini. Kupigania jambo na kuliacha nusu, yote mawili yana watu wanaolipa, na hulipa walewale.

Boti ya Mokowe ilinivusha jua likiteremka. Mjomba alikuwa gatini, kofia ya vito, fimbo mkononi ingawa hachechemei. "Masalkheri, mjomba." Nikambusu mkono. Hakuuliza safari. Aliutazama mkoba, akauliza, "Ni hiyo?"

Usiku ule nilisoma mara mbili. Shangazi alishika mlango: kabla ya wanaume wa barazani, kwanza wanawake wa ndani. "Samaki wanaume wakimpata, mpishi ni nani?" akauliza. Tukakaa juu ya mkeka, majirani wakaingia na buibui zao mikononi, nikaanza kugeuza Kiingereza cha sheria kuwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Ni kazi ngumu. Kuna maneno niliyoyazungushia maelezo marefu. Lakini neno moja lilikuwa jepesi: kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili mikono ikasimama.

"Hilo limeandikwa?"

"Limeandikwa, bibi."

"Na jaji?"

"Na jaji."

Akasema kwamba watu wa kampuni walipokuja na ripoti yao ya mazingira ilikuwa kubwa kama mto wa kulalia, yote kwa Kiingereza, wanakijiji wakapewa sharubati na fulana, kisha wakahesabiwa kuwa walihudhuria. "Tulihudhuria kama viti vilivyohudhuria," akasema. Hakuna aliyecheka.

Barazani wanaume walitaka mengine. Kampuni inaweza kukata rufaa tena? Nikawaambia ipo mahakama juu ya hii, ila sina hakika kama sheria itawafungulia mlango. Benki kubwa ya China iliyotarajiwa kuleta fedha ilijitoa 2020, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikwisha kujitenga kabla yake, lakini hilo si kufuli la milele. Wakanyamaza. Mmoja akauliza kama bunge limepitisha lolote la kusema makaa ya mawe basi. Nikasema sijaliona. Mjomba akakohoa. "Basi tumelinda mlango mmoja," akasema, "na nyumba ina milango mingapi?" Wakaanza kuitaja: mafuta ya Lokichar kule Turkana, yaliyogunduliwa 2012 na bado yanapangiwa kuchimbwa, bomba lililochorwa kwenye ramani lije limwagikie huku Lamu. Mzee aliyewahi kusafiri kwa jahazi hadi Tanga akataja bomba la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani, mahali alipokuwa akitia nanga kungoja upepo.

Ijumaa asubuhi mjomba alinichukua kwenye mashua ya mpwawe kupitia mkondo wa Mkanda. Kaskazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujikusanya. Kushoto na kulia mikoko, mizizi nje kwa sababu maji yalikuwa yametoka. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Tulipotokea ghuba ya Manda nikaziona kreni za bandari mpya, gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Mjomba hakuinua mkono kunionyesha. Alielekeza kidevu tu.

Kwa kuchimba kina cha bandari ile, tope lilifunika maeneo yao ya kuvulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ikafuata rufaa, yakafuata mazungumzo, vikafuata vikao vya kuandikisha majina na vya kuyahakiki. Mjomba alifikisha miaka sabini katikati ya vikao hivyo. Alinionyesha mwamba mmoja, akasema hapo mwaka 1998 aliyaona matumbawe yamegeuka meupe kama chokaa, maji yakiwa moto hata mguuni. Akadhani ni maradhi ya mwaka mmoja. Yakarudi 2016, na 2024 yakarudi tena.

"Tope najua limetoka wapi," akasema. "Mtu nikimtaka, namwona. Lakini hili joto, nimshtaki nani? Mahakama yake iko wapi?"

Tulirudi na changu saba na pweza mmoja. Zamani, mpwawe akanieleza, kwa petroli ile ile waliyochoma asubuhi hiyo wangejaza tenga.

Jumamosi, baada ya sala ya isha, simu yangu ikaita mfululizo: Belém wamemaliza. Nilikuwa barazani. Wazee walishajua kwamba nasoma, hivyo hapakuwa na ruhusa ya kuondoka. Nikaupata uamuzi wenyewe, maandishi madogo kwenye kioo kilichopasuka, nikaanza kushuka nao. Fedha za kukabiliana na athari, zizidishwe mara tatu kufikia 2035. Nikawafasiria hilo. Wakaitikia.

"Na makaa?" mjomba akauliza. "Na mafuta? Wasemaje?"

Nchi zaidi ya 80 zilikuwa zimetaka uandikwe mpango wa kuachana nayo. Nilijua hivyo, nikatafuta. Nilitafuta neno la makaa ya mawe. Nikatafuta mafuta, nikatafuta gesi. Nikapanda juu nikashuka tena, wazee saba wakiningoja, punda mmoja akipita na mawe ya kujengea katika giza la uchochoro.

"Hayamo, mjomba."

"Tafuta tena."

Nikatafuta tena. Kifungu kwa kifungu, polepole, kidole kwenye kioo, kama ninavyowafundisha watoto wa darasa la tatu. Nikawaza yule mama wa Garsen na mfuko wake wa mbegu. Nilipoinua uso sikuhitaji kusema.

Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alivaa viatu vyake akaenda. Mwingine akamimina kahawa iliyobaki, akaipitisha. Mjomba alikaa kitambo, kisha akaniomba ile bahasha ya kaki. Akazipanga karatasi kwa kugonga kingo zake gotini, akaingia nayo ndani, nami nikamfuata na taa. Akafungua kasha la mamake, lile la misumari ya shaba, ambamo kuna hati ya nyumba, cheti cha ndoa, na risiti ya mashua aliyoinunua 1981. Akaiweka hukumu juu ya vyote.

"Kesho kabla hujaondoka," akasema akifunga, "utaniandikia kwa Kiswahili. Yote. Na ile ya Brazili pia. Andika na yale yasiyokuwamo."

Nilianza alfajiri, kwenye daftari la mistari nililonunua duka la pembeni. Boti ya Mokowe iliondoka saa moja bila mimi.