Miwani Kuwaka Kwenye Picha: Nilivyomalizana Nayo Bila Filta

Kila fundi niliyemuuliza namna ya kuzuia flashi isiwake kwenye miwani ya mteja alinijibu neno lilelile: nunua polaraiza, ile filta ya kufunga mbele ya lenzi ili ikate mwako. Nikanunua, laki na ushee ikaondoka, na leo nasema bila kumung'unya maneno kwamba kwa picha za sura ndani ya studio ile filta ni pambo. Polaraiza inafaa pale mwanga unapogonga kioo kwa ubavu, kwenye nyuzi 56 hivi. Mteja akikutazama uso kwa uso, mwanga unaorudi kwenye kamera haukamatiki. Unachopata ni giza tu. Filta inakula zaidi ya stopu moja, yaani zaidi ya nusu ya mwanga, unapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), picha inajaa chenga, na miwani bado inawaka.

Mshauri mwingine, huyu mwenye studio kubwa na maneno makubwa zaidi, akasema nitoe vioo nibakize fremu tupu. Basi akaja mwalimu mstaafu na mkewe, wanataka picha ya kutundika sebuleni.

"Mwalimu, naomba nitoe vioo kidogo."

"Kijana, na macho yangu nayo utayatoa?"

Alikubali shingo upande. Kile kiskrubu cha fremu kikanidondokea kwenye zulia, tukakisaka kwa tochi ya simu, mama akiwa amepiga magoti na vitenge vyake vya harusi. Tulipokipata, mwalimu haioni kamera. Namwambia atazame lenzi, anatazama stendi ya feni, tena kwa tabasamu. Mama alipooneshwa picha akatikisa kichwa: "Huyu si mume wangu. Mume wangu ana macho madogo." Na alisema kweli! Miwani ya wasioona mbali inayapunguza macho, na familia imeyazoea hivyo kwa miaka yote.

Nikavirudisha vioo, nikaanza kucheza na taa. Mwanga unadunda kwenye kioo kama mpira ukutani: ukiingia kwa pembe fulani, unatokea upande wa pili kwa pembe hiyohiyo. Kwa hiyo kazi ni kuhakikisha kamera haipo pale mpira unapotua. Niliipandisha flashi juu sana, karibu iguse silingi, nikaisogeza pembeni, kisha nikamwomba mwalimu ashushe kidevu kidogo. Mwako ukapanda hadi ukingo wa juu wa kioo, ukagoma kutoka hapo.

Hapo ndipo nilipoinyanyua mikono ya miwani nyuma ya masikio. Kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole, ielee juu ya sikio badala ya kulilalia. Kioo kinainamia chini, mwako unaangukia kifuani, na ukimtazama mtu kwa mbele hujui kama kuna kilichoguswa. Wenye nywele nyingi ni rahisi zaidi, mikono inajificha humo. Wenye vipara wanahitaji kukaa kimya, wakicheka miwani inashuka.

Flashi yangu ndogo haina taa ya kuonesha mwanga utakapoangukia, kwa hiyo nilikuwa nikipiga kwa kubahatisha. Sasa naifunga simu kwenye flashi kwa raba ya kufungia noti, tochi imewashwa. Naweka jicho usawa wa lenzi, msaidizi anasogeza stendi, mimi nasema "panda, panda, hapo hapo." Nukta ya tochi ikitoka kwenye kioo, na flashi haitaonekana. Ila ukitumia mwavuli wa kusambaza mwanga wa flashi acha nafasi ya ziada, maana wenyewe ni mpana kuliko tochi.

Taa ikiwa juu hivyo, fremu inaangusha kivuli machoni. Wengi wanakimbilia kuweka ubao mweupe magotini urudishe mwanga usoni, wanasahau kwamba kioo kimeshainamia huko, kwa hiyo kinauona ubao mzima. Mimi naulaza chini zaidi, au nauacha.

Na si flashi peke yake. Nimewahi kukuza picha nikakuta kwenye kioo cha kushoto mlango wa studio yangu na bodaboda imeegeshwa nje, hadi taa yake unaiona. Siku hizi mlango una pazia jeusi, na shati jeupe sivai kazini.

Wa pasipoti ya Marekani hawanisumbui, huko miwani imekatazwa kwenye picha tangu Novemba 2016. Wenye vioo vya kupunguza mwako wanabaki na kivuli cha kijani au zambarau, hicho nakifuta kwenye kompyuta kwa kupunguza rangi, dakika mbili hazifiki. Wanaonitoa jasho ni wa msimu wa mahafali, wenye miwani inayogeuka nyeusi juani. Wakiingia na majoho yao nawakalisha ndani kwanza na soda, foleni iende na wengine mpaka vioo virudi vyeupe. Soda nimeshaiweka kwenye bei.