Mzee Aliyeusoma Muswada Wote

Mwaka 2019 nilikuwa na kazi mbili. Siku za wiki nilipanga mizigo kwenye ghala moja nje kidogo ya Columbus, Ohio, na Jumamosi niliendesha gari kama saa moja hadi Kaunti ya Perry kumsaidia mzee mmoja kujenga uzio. Alikuwa mgane wa miaka sabini na kitu, mwenye ng'ombe wachache, magoti mabovu na bendera ya njano kibarazani, ile yenye nyoka aliyejikunja na onyo la kutokanyagwa. Wamarekani huitana kwa majina ya kwanza bila kujali nani kamzidi nani umri. Mimi nilishindwa. Nilimwita Mzee, nikamweleza kuwa kwetu hiyo ni heshima, naye akaipokea kama mtu aliyepewa cheo alichokuwa akikingoja muda mrefu.

Siasa zake hazikuwa na siri. Alikuwa Republican, baba yake alikuwa Republican, na redio ya pikapu yake haikuwahi kuhamishwa stesheni. Tukichimba mashimo ya nguzo alikuwa akinihubiria kuhusu serikali. Kisa alichokipenda kilikuwa cha Susette Kelo, muuguzi wa New London, Connecticut, ambaye manispaa ilitaka kuitwaa nyumba yake ili wawekezaji wajenge. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema inaruhusiwa, majaji watano kwa wanne. Nyumba zikaondoka, mradi haukujengwa, na kampuni ya dawa iliyokuwa chambo cha mpango mzima ikatangaza mwaka 2009 kwamba inahama. "Kiwanja tupu!" Mzee alikuwa akisema, akipiga koleo chini. Halafu alihamia Norwood, mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati, ambako nako walijaribu mchezo huohuo, lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Ohio ikakataa kwa sauti moja. Hukumu hiyo aliizungumzia utadhani aliiandika mwenyewe.

Na mwaka ule alikuwa na kisa kipya. Mwezi Februari Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya Tyson Timbs wa Indiana, aliyekamatwa akiuza heroini na kunyang'anywa gari la dola 42,000, ilhali faini ya juu kabisa ya kosa lake ilikuwa dola 10,000. Majaji wote tisa walisema katazo la kikatiba la faini za kupindukia linayabana majimbo pia. Hukumu iliandikwa na Ruth Bader Ginsburg, jaji ambaye kwa kawaida Mzee hakuweza kulitaja jina lake bila kutema mate. Siku hiyo alilitaja vizuri.

Mimi nilikuwa namsikiliza nusunusu. Babu yangu mzaa mama alikuwa na tembe huko Dodoma. Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya, ilipowafikia miaka ya 1970, walipakiwa kwenye lori pamoja na mahindi yao, na miti ya paa la tembe ikang'olewa wasije wakarudi. Babu hakulalamika mbele yetu hata siku moja. Ukimuuliza kwa nini walihama, alijibu, "Serikali ilisema," akaendelea kukuna mguu wake. Kwa mtu aliyelelewa na jibu hilo, kelele za Mzee zilikuwa kelele za aliyeshiba. Nani aliwahi kumpakia yeye kwenye lori?

Halafu kulikuwa na mambo ambayo hotuba zake ziliyaruka. Niliwahi kumweleza jinsi askari wa barabarani alivyonisimamisha usiku na kupekua gari langu hadi chini ya zulia, bila kunipata na kosa. Akasema, "Hilo ni jambo lingine," akaomba nimpe nyundo. Sikukubali kuwa ni jambo lingine, na bado sikubali.

Basi, Jumamosi moja ya Septemba tuliishiwa seng'enge na misumari yake, tukaenda dukani, kwenye lile duka la zana za shamba ambako wakulima huegesha pikapu na kuongea kuliko wanavyonunua. Mlangoni palikuwa na mama mmoja mwenye meza ya kukunja, kofia ya jua na rundo la makabrasha. Alikuwa anakusanya saini ili sheria mpya ya umeme iliyoitwa Muswada wa 6 ipelekwe kwenye kura ya maoni, wapiga kura waweze kuikataa. Gavana Mike DeWine alikuwa ameitia saini Julai 23. Kando ya mama yule, karibu kiasi cha kumkanyaga, walisimama vijana wawili wenye fulana zinazofanana. Kazi yao ilikuwa moja: kila mtu akiisogelea meza, wao wanajipenyeza katikati.

"Usisaini, bwana! Unawapa Wachina jina lako!"

Mzee alikuwa tayari ana habari za Wachina. Sanduku lake la barua lilikuwa limepokea kipeperushi cha rangi kilichodai Serikali ya China inanyemelea gridi ya umeme ya Ohio, na kwamba saini yako itaishia mikononi mwake. Televisheni nayo ilirudia hayo jioni nzima. Tone la ukweli lilikuwemo, maana benki za serikali ya China zilikuwa zimekopesha baadhi ya mitambo ya gesi jimboni humo. Kutoka hapo hadi Beijing kuwa na daftari la wafugaji wa Kaunti ya Perry ni safari ndefu, ila kipeperushi kiliifupisha.

Nilidhani Mzee atapita. China alikuwa haipendi, na mama yule alikuwa na ule mwonekano wa watu wa mazingira ambao Mzee aliwaita "wapenda vyura". Akasimama.

"Sheria yenyewe unayo hapo?"

Mama akasema anayo. Lazima iwe ndani ya kabrasha, neno kwa neno.

"Nipe."

Akavaa miwani yake, iliyofungwa kwa uzi wa ndoano ya samaki, akaegemea mkokoteni wa mbolea na kuanza kusoma. Si kupitisha macho. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, herufi zenyewe ndogo kama za karatasi inayokuja na vidonge. Jua lilikuwa kali. Mimi nilipakia seng'enge, nikapakia misumari, nikanunua maji, nikarudi, naye yuko palepale. Vijana wa fulana walianza kuchoka. Mmoja alimwambia tena habari za Wachina, na Mzee, bila kuinua uso, akamuuliza:

"Wewe unalipwa na nani?"

"Kwa saa," kijana akajibu.

"Sikuuliza unalipwaje. Nimeuliza na nani."

Hakujua, au hakutaka kusema. Alionekana wa umri wa mpwa wangu, na nafikiri kweli hakujua.

Mzee alikwama penye mitambo ya nyuklia. Sheria haikuitaja kwa majina, ila maelezo yaliwaangukia wenye mitambo miwili tu, Davis-Besse na Perry. (Huo wa pili una jina la kaunti yetu lakini uko mbali kaskazini, kwenye Ziwa Erie.) Ilipewa dola milioni 150 kila mwaka, na kila nyumba ingechangia hadi senti 85 kwa mwezi kupitia bili ya umeme kuanzia 2021. Kisha akakwama mahali pengine, na hapo akatuita mimi na mama tusikilize. Akasoma kwa sauti maneno marefu yaliyopindapinda kuhusu kampuni iliyoundwa na mashirika ya umeme ili kuipatia serikali kuu umeme kwa ajili ya ulinzi wa taifa.

"Huyu naye tunayemlipia ni nani?"

Mama akaeleza kwamba hiyo ni mitambo miwili ya makaa ya mawe ya miaka ya 1950, iliyojengwa kuulisha umeme mtambo wa urani wa Piketon. Mmoja uko Ohio. Wa pili uko jimbo jirani, Indiana.

"Indiana?"

"Indiana."

Mzee akavua miwani. "Sheria isiyotaja jina," akasema, "ina jina mfukoni." Akaomba kalamu.

Yule kijana wa pili alijaribu mara ya mwisho, akaweka mkono juu ya kabrasha. Mzee aliutazama ule mkono tu. Ukaondoka. Akaandika jina, anwani, tarehe, akinamisha kichwa kama mwanafunzi. Kisha akanisogezea kalamu.

Nilikuwa raia. Nilikuwa nimeshaapa na kujiandikisha kupiga kura, na sheria ya umeme ilinihusu kama ilivyomhusu yeye. Lakini kijana mmoja alikuwa amenyanyua simu anatupiga picha, na jina langu si la kujificha katika orodha ya majina ya Kaunti ya Perry. Kule nilikokulia, kuandika jina na anwani kwenye karatasi ya kuipinga serikali ni jambo unalolipeleka kwanza kwa wazee wa ukoo. Mzee hakusema kitu. Mama wa saini akanieleza kwa upole kuwa nikiwa nimejiandikisha kaunti nyingine nahitaji kabrasha la kaunti ile, analo pia, limo ndani ya sanduku. Akachutama kulitafuta. Alilipata chini kabisa, likiwa na saini nne tu. Nikawa wa tano.

Njiani nilimuuliza swali lililokuwa likinikera. Nyuma ya sheria ile alikuwa Larry Householder, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Ohio, Republican, mtu wa Glenford, kaunti hiyohiyo. Mzee alikuwa amempigia kura. Tena uspika wenyewe aliupata Januari kwa kura za Democrats na Republicans nusu kwa nusu, kwa hiyo hakuna chama kilichoweza kunawa mikono.

"Si mtu wenu huyo?"

"Ndiyo, wangu. Wa kwao wana maadui wa kuwachunga. Huyu wangu nisipomchunga mimi, atachungwa na nani?"

Akaongeza sauti ya redio. Nimewasikia wahafidhina wengi wakiogopa serikali ikiwa mikononi mwa wengine, na waliberali vilevile zamu yao ikifika. Kumwona mtu anaiogopa ikiwa mikononi mwa jirani yake aliyempigia kura, hiyo kwangu ilikuwa mara ya kwanza.

Saini hazikutosha. Zilitakiwa 265,774, na siku ya mwisho mwezi Oktoba zilikuwa zimepatikana kama 221,000. Sheria ikabaki.

Tarehe 21 Julai 2020 simu iliita nikiwa ghalani. Mzee hakuwa na desturi ya kupiga simu. Spika alikuwa amekamatwa shambani kwake. Waendesha mashtaka walisema kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilipitisha takribani dola milioni 60 kwenye mfuko mmoja wa siri ili apate uspika, apitishe muswada, halafu aizime kura ya maoni. Fedha za vipeperushi vya Wachina na za vijana wa kuzuia saini zilitoka humohumo. Nyingine zililipia madeni yake na matengenezo ya nyumba ya Florida.

"Kwa hiyo yule kijana," Mzee akasema, "nilikuwa namlipa mimi, kwa mkopo."

Nikamchokoza. FBI, shirika ambalo hakuwa na neno jema juu yake, ndilo lililorekodi mazungumzo na kutuma majasusi waliojifanya wawekezaji. Bila hao tungejuaje? Alikaa kimya, nikasikia ng'ombe analia nyuma yake.

"Wamefanya vizuri," akasema hatimaye. "Na bado sitaki wasikilize simu yangu."

Novemba ile Householder alikuwa peke yake kwenye karatasi ya kura huku ana mashtaka ya jinai. Wapinzani wake ilibidi majina yao yaandikwe kwa mkono. Alishinda. Mzee aliandika jina kwa mkono na hakuniambia la nani. Juni 2021 Wawakilishi walimfukuza kwa kura 75 dhidi ya 21, na Juni 2023, baada ya kukutwa na hatia kule Cincinnati, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Pamoja naye alipatikana na hatia Matt Borges, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Republican jimbo zima.

Nyumbani Tanzania walipoanza kukata kodi ya majengo kupitia Luku, umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, nilimsimulia Mzee. Alicheka mpaka akakohoa, akataka kujua kama na sisi tunalipia mtambo wa Indiana.

Hakuwa anatania sana. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa na Bunge la Ohio mwaka huohuo, lakini ya makaa ya mawe iliachwa iendelee hadi 2025, mtambo wa Indiana ukiwemo. Mzee hulipa umeme kwa hundi, hajawahi kuchelewa. Kila mwezi, kwenye ule mstari mdogo wa kueleza hundi ni ya nini, akawa anaandika: "Umeme wangu, na salamu Indiana."