Anza na ukurasa wa bajeti

Mimi ni mweka hazina. Katika vikundi vya sanaa hiki ni cheo kisichogombewa. Uliza nani anataka kuongoza mchezo, mikono itajaa hewani. Uliza nani atatunza stakabadhi, kila mtu anakumbuka ana simu ya kupiga. Nimekishika cheo hicho kwa miaka katika kikundi cha maigizo kinachoandaa tamasha dogo kila mwaka, na baadaye nikaalikwa kukaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kusoma maandiko ya wengine wanaoomba ruzuku ya umma. Wakinijia watu wa vikundi vichanga kuniomba ushauri, ninawaambia jambo moja: andikeni bajeti kwanza, masimulizi yatafuata.

Ukikaa kwenye jopo utaelewa. Kurasa za masimulizi zinafanana kama sare. Kila mwombaji ataibua vipaji, atahifadhi utamaduni, atawawezesha vijana na wanawake, na atafanya hayo yote kwa njia shirikishi. Huwezi kumlaumu, kwa kuwa maneno hayo ameyakuta kwenye mwongozo wa maombi akawarudishia wenyewe. Ukifika kwenye bajeti ndipo watu wanapoachana njia. Yupo aliyeandika jukwaa, mitambo ya sauti, jenereta na mafuta yake, ulinzi, bima, gari la kubeba vifaa kwenda na kurudi. Yupo aliyeandika "vifaa" na "mengineyo", na mengineyo yamezidi vifaa. Mimi huwa natafuta vyoo. Mtu aliyewahi kuandaa tamasha la uwanjani hasahau kuweka fungu la vyoo vya kukodi. Asiyewahi, hana habari.

Halafu natazama mstari wa mratibu, na hapo mara nyingi nakuta sifuri. Huyu ndiye anayeandika barua za vibali, anayewabembeleza wasanii, anayepokea simu usiku mitambo ikikwama njiani, na pembeni ya jina la kazi yake pameandikwa "anajitolea". Waombaji huamini kwamba sifuri hiyo itatufurahisha sisi wa jopo, kwamba inaonyesha moyo. Wapo wenzangu inaowafurahisha kweli. Mimi inanitia wasiwasi, kwa sababu najua siku mratibu huyo akipata ajira ya kudumu au akijaliwa mtoto, tamasha linakufa, na fedha ya umma tuliyotoa kulikuza inakufa nalo.

Isitoshe, sifuri hiyo ni hasara hata kihesabu. Mifuko mingi ya umma haigharamii shughuli nzima. Inataka na wewe ulete sehemu yako. Mkono mtupu haulambwi. Nchini Marekani, mfuko wa taifa wa sanaa ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, National Endowment for the Arts, kwa kawaida unataka kila dola yake ilingane na dola moja angalau kutoka kwingine. Lakini sehemu hiyo ya mwombaji si lazima yote iwe fedha taslimu. Ukumbi uliopewa bure, saa za fundi taa aliyejitolea, hata kazi ya mratibu, vyote vinaweza kuhesabiwa kwa thamani yake ya kawaida sokoni, mradi kuna karatasi ya kuthibitisha: nani alifanya nini, siku gani, saa ngapi. Sasa wewe unayeandika sifuri umechukua mchango mkubwa kuliko yote kikundi kilio nao, ukautupa, kisha unahangaika kutafuta mdhamini wa kuziba pengo. Andika thamani yake upande wa matumizi, andika thamani ileile upande wa mapato kama mchango wa kujitolea, na uanze kutunza daftari la saa leo. Daftari la saa lililojazwa mwishoni mwa mwaka kwa kalamu moja na mwandiko mmoja hujulikana tu.

Kuna na gharama zisizokaa kwenye shughuli yoyote moja: kodi ya chumba cha ofisi, umeme, ukaguzi wa hesabu. Zamani wafadhili walizikunjia uso. Siku hizi wanalegea. Kwenye ruzuku za serikali kuu ya Marekani, mwombaji asiye na kiwango cha gharama hizo alichokubaliana na serikali aliruhusiwa kuongeza asilimia 10 kwa ajili yake, na tangu Oktoba 2024 kiwango hicho kimepanda hadi asilimia 15. Soma mwongozo wa mfuko unaouomba. Ukiona kuna ruhusa kama hiyo, itumie bila aibu.

Swali ninaloulizwa na watu walio nje ya sanaa ni hili: kwa nini tamasha lisijiendeshe kwa viingilio? Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilijibu mwaka 1966 katika kitabu kizima kuhusu uchumi wa sanaa za jukwaani. Hoja yao ni nyepesi kuieleza. Kiwandani, mashine bora humwezesha mfanyakazi mmoja kutoa bidhaa nyingi zaidi kila mwaka, kwa hiyo mshahara wake unaweza kupanda bila bidhaa kupanda bei. Muziki ulioandikiwa wapigaji wanne karne mbili zilizopita bado unahitaji wapigaji wanne, kwa dakika zilezile. Huwezi kuwaharakisha, huwezi kumpunguza mmoja. Lakini wanne hao wanaishi katika uchumi uleule ambako mishahara ya wengine inapanda, na gharama yao inapanda pamoja nayo. Ukiifidia yote kwenye tiketi, wanaobaki ukumbini ni wenye uwezo tu. Ninaikumbuka hoja hiyo kila nikisikia mtu akisema kikundi fulani "kimeshindwa kujitegemea" baada ya miaka mitatu ya ruzuku, kana kwamba igizo la watu sita litajifunza kuchezwa na watu watatu.

Kinachoviumiza zaidi vikundi vidogo, kwa maoni yangu, ni wakati fedha inapoingia. Ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu, na awamu ya mwisho hushikiliwa mpaka ripoti ikubalike. Nyingine hurejesha tu ulichokwisha kutumia: lipa kwanza, leta stakabadhi, subiri. Taasisi kubwa ina akiba ya kuziba miezi hiyo. Kikundi kidogo kina mifuko ya wanachama wake. Sisi tuliwahi kumaliza tamasha, tukakabidhi ripoti, na fedha ikachelewa mno hata mwenye mitambo akaacha kunisalimia. Mei 2025 vikundi vingi Marekani viliona ubaya wa mpangilio huo: mfuko uleule wa taifa ulituma barua pepe za kusitisha mamia ya ruzuku zilizokwisha kuidhinishwa, nyingine kazi yake ikiwa katikati. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha bango hata moja, soma kwenye mkataba kipengele cha malipo na kipengele cha kusitisha. Kama mfuko unaruhusu malipo ya awali, yaombe kwa barua, ukiambatisha ratiba ya matumizi ya kila mwezi. Wengi hawaombi kwa kudhani ni utovu wa adabu. Ofisa wa ruzuku haoni adabu wala utovu. Anaona barua inayohitaji kujibiwa.

Watu hulalamikia pia wingi wa fomu, na mimi ni mmoja wao, ila huwa nakumbuka fomu zinatukinga na nini. Uingereza ilipounda baraza lake la sanaa mwaka 1946, mtu aliyelisuka alikuwa mchumi John Maynard Keynes, aliyefariki Aprili mwaka huohuo, miezi michache kabla ya hati ya kifalme kutolewa. Msingi uliojengeka pale ni kwamba serikali inatoa fungu, lakini waziri hachagui igizo; anayechagua ni chombo kilichowekwa kando yake. Chombo hicho kikitaka kuheshimiwa lazima kionyeshe kimechagua kwa vigezo, na vigezo huzaa fomu. Mahali ambapo fedha hutoka kwa simu moja ya mkubwa hakuna fomu, na kwa kawaida hakuna hata mwaka wa pili.

Nisichoweza kukitetea ni kutaka kila mwaka jambo jipya. Mabaraza huwa na makundi mawili: wachache wanaopewa fedha ya miaka kadhaa ya kuendesha taasisi, kama ilivyo kwa taasisi zilizo kwenye orodha ya taifa ya baraza la sanaa la England iliyoanza 2023, na sisi wengine tunaoomba mradi mmoja mmoja. Mradi sharti uwe na mwanzo, mwisho, na "ubunifu". Basi tamasha linalopendwa, linalofanyika vizuri kwa namna ileile, linalazimika kubuni kipengele kila mwaka ili listahili fedha ya kufanya lililokuwa likilifanya. Niliwahi kuuliza kwenye jopo kwa nini tusimpe mtu fedha aendelee tu na kazi anayoijua. Mwenyekiti wetu, mzee mpole, akanijibu, "Mwanangu, fomu haina kisanduku hicho." Jopo likacheka, tukaendelea na andiko lililofuata.

Jambo la mwisho ni la ripoti, nalo ni idadi ya watazamaji. Tamasha la wazi lisilo na tiketi haliwezi kuwa na watu 5,000 kamili miaka mitatu mfululizo, na bado nimesoma ripoti za namna hiyo. Pima eneo la uwanja, ligawe vipande, hesabu watu katika kipande kimoja chenye msongamano wa wastani, zidisha kwa idadi ya vipande. Rudia kila saa, piga picha kutoka juu kama kuna ghorofa jirani, na uandike kwenye ripoti kwamba ndivyo ulivyohesabu. Usijumlishe hesabu za kila saa, kwa maana aliyekuwepo saa kumi huenda bado yupo saa kumi na moja. Namba utakayopata itakuwa ndogo kuliko uliyotamani. Iandike hivyohivyo, na kama mvua ilinyesha, andika ilianza saa ngapi.