Glavu Alizipokea, Bitana Akairudisha

Tumsifu Yesu Kristo.

Tarehe 22 Juni Kanisa humkumbuka Mtakatifu Thomas More, mwanasheria wa London aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kumkatalia Mfalme Henry wa Nane ukuu juu ya Kanisa. Kifo chake tumekihubiri sana. Juma hili tumtazame akiwa nyumbani kwake na ofisini, maana wengi wetu tutajaribiwa huko kabla ya kufika mbele ya mfalme yeyote.

Septemba 1529 alikuwa Woodstock kwa kazi za mfalme. Mkwewe akamletea habari kwamba maghala yao ya Chelsea yameungua na nafaka yote, na moto umekula hata ya majirani. Barua aliyomwandikia mkewe Alice ingalipo, na inafaa kuisoma kwa mpangilio wake. Kwanza, Alice awachukue watu wote wa nyumba waende kanisani kumshukuru Mungu kwa alichowapa, kwa alichotwaa na kwa alichowabakizia. (Ayubu 1:21 inataja kutoa na kutwaa. Hicho kilichobaki ndicho mwenye msiba hakioni.) Kisha achunguze majirani maskini wamepoteza nini, awaambie wasihangaike: hata kama yeye More hatabakiwa na kijiko, hakuna jirani maskini atakayebeba hasara iliyotokea nyumbani kwake. Baada ya hapo ndipo yaje ya kwao: nafaka ya chakula, mbegu za mwaka unaofuata, na kama shamba waendelee nalo au waliachie. Vibarua wakizidi, waachwe wale wanaoweza kupata bwana mwingine. Asiondolewe mtu ghafla asijue aendako.

Sisi duka likiungua tunaanza na daftari letu, na kijana wa kazi tunamwaga jioni ile ile. Jirani anakuja kukumbukwa hesabu ikiwa imeshafungwa. Si kwamba tuna roho mbaya; tumemweka mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni fedha huwa zimekwisha.

Oktoba mwaka huo More akawa Kansela wa Uingereza, mwamuzi wa kesi kubwa, na zawadi zikaanza kubisha hodi. Mwaka Mpya mmoja mjane tajiri, Bibi Crocker, ambaye kesi yake ilipita mikononi mwa More, alimletea jozi ya glavu. Ndani yake mlikuwa na sarafu za dhahabu za paundi 40. More akamwaga dhahabu, akamwambia kuwa ni utovu wa adabu kumkatalia mama zawadi ya Mwaka Mpya, kwa hiyo glavu anazichukua. Bitana yake haitaki kabisa. Mtu mwingine mwenye kesi, Gresham, alimpelekea kikombe kilichopakwa dhahabu. More alipenda umbo lake, basi akatoa kikombe chake mwenyewe chenye thamani zaidi, apewe Gresham badala yake.

Hapa ndipo utani wake ulipofanya kazi. Anayepokea bahasha hujiambia “ni asante tu”. Anayeitupa kwa hasira humwaibisha mleta, ambaye pengine alifundishwa kuwa bila mkono mtupu kujazwa haki haitoki. More alitenganisha heshima na fedha, akabaki na heshima. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha waonao, yaani watu wenye macho mazuri kama sisi.

Hakuwa malaika. Wakati wa ukansela wake watu walichomwa moto kwa uzushi, naye aliunga mkono adhabu hiyo. Tusiifiche.

Alipojiuzulu Mei 1532, kipato chake kilishuka hadi zaidi kidogo ya paundi 100 kwa mwaka, na nyumba ilijaa watoto, wakwe na wajukuu. Aliwaita wote. Akasema wakitaka kuendelea kuishi pamoja kila mmoja achangie, ila wasiruke moja kwa moja hadi chini: mwaka wa kwanza wale kama wanavyokula wanasheria wa Lincoln's Inn, chuo kikubwa cha sheria cha London, wakishindwa wateremke hadi chakula cha New Inn, chuo kidogo zaidi cha sheria, mwaka unaofuata cha wasomi wa Oxford. Hicho nacho kikiwashinda, watachukua mifuko wakaombe pamoja, wakiimba Salamu Malkia, wimbo wa Bikira Maria, mlango kwa mlango. Ni bajeti ya kweli hiyo, ya ngazi kwa ngazi, na baba anayeisoma mbele ya watoto bila kuficha tarakimu ni wachache.

Tarehe 5 Julai 1535, katika gereza la Tower, alimwandikia bintiye Margaret kwa kipande cha mkaa. Alimwambia hajawahi kuupenda mwenendo wake kwake kama siku ile alipombusu mara ya mwisho. Mali yake ilikuwa imeshachukuliwa na mfalme. Kwa binti yake mwingine, Cecily, More alipeleka baraka na leso.