Lenzi laini ya kioo kimoja kwa kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5: nilivyoiunda na ninavyoitumia

Picha laini si picha iliyokosa fokasi. Chini yake kuna mchoro ulio wazi, na juu umetandwa ukungu wa mwanga. Ukungu huo unatokana na kingo za kioo, ambazo hukusanya miale karibu zaidi na lenzi kuliko katikati yake. Lenzi za kisasa zimetengenezwa ili kuondoa kasoro hiyo, kwa hiyo hapa hazifai kitu.

Nilichukua filta ya kupigia vitu vya karibu, dayopta +4 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kioo), kipenyo milimita 58. Gawa 1000 kwa 4, unapata urefu wa fokasi wa milimita 250. Iwe ya kioo kimoja. Zile za vioo viwili vilivyogundishwa zimesahihishwa, na ulaini hupungua sana.

Kioo nilikibana mwishoni mwa kipande cha bomba la plastiki, upande uliobonyea ukimtazama anayepigwa picha na tumbo likitazama filamu. Ukikigeuza, pembe za picha huvurugika vibaya. Milimita 35 mbele ya kioo nilikata ufa kwa msumeno, mahali pa kuchomekea kadi nyeusi zenye matundu: milimita 45 kwa f/5.6, 31 kwa f/8, 23 kwa f/11, 16 kwa f/16. Kwa kuwa tundu liko mbele ya kioo, hesabu ya namba ya f ni rahisi: 250 gawanya kwa kipenyo cha tundu. Ndani ya bomba nilibandika mahameli nyeusi. Rangi nyeusi peke yake bado iling'aa kidogo, na picha zikafifia.

Kwenye f/5.6 ukungu ni mzito mno kwa ladha yangu. f/8 ndiyo ya sura za watu; kufika f/16 ulaini karibu umekwisha.

Kazi ngumu ni fokasi. Usifokasi na tundu kubwa kisha ukabadilisha kadi, maana ukibana tundu fokasi husogea nyuma milimita kadhaa. Fokasi na kadi ileile utakayopigia. Mimi humwomba mtu ashike tochi ndogo karibu na jicho, kisha naangalia nukta yake kwenye kioo cha ukungu, kile cha nyuma ya kamera kinachoonyesha picha kabla ya kuweka filamu. Filamu ikiwa karibu mno na lenzi, nukta huwa duara lenye ukingo mkali. Navuta mvukuto (mfuko wa kukunjika kati ya lenzi na filamu) taratibu hadi duara lijikusanye kuwa kiini angavu chenye ukungu hafifu pembeni. Hapo nafunga skrubu.

Kuna mtego mwingine: kioo kimoja hakikusanyi rangi zote mahali pamoja. Karatasi ya picha, ukiitumia badala ya filamu, huona hasa buluu, ambayo fokasi yake iko karibu zaidi na lenzi kuliko ya njano inayoonwa na jicho. Shika filta ya buluu mbele ya lenzi wakati wa kufokasi, kisha iondoe. Kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe, naacha filta ya njano mbele ya lenzi muda wote, izuie buluu.

Shata, kifaa cha kufungua na kufunga mwanga, sikuweka. Karatasi ya ISO 6 (huitikia mwanga polepole sana), mwanga wa dirishani, f/8: sekunde 4 kwa kifuniko cha mkono. Mtu akiwa mita 1.5, mvukuto hufika milimita 300, kwa hiyo ongeza nusu stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Ukungu hupunguza utofauti wa weusi na weupe, basi filamu naisafisha asilimia 15 zaidi ya muda wa kawaida.