Kingamwili za mama dhidi ya pepopunda
Kila ninapomwona mjamzito kliniki akikunja mkono wa gauni ili achanjwe pepopunda, hufurahi kwa dhati, kwa sababu sindano ile humlinda pia mtoto ambaye hajazaliwa. Chanjo huufanya mwili wa mama utengeneze kingamwili, yaani protini za kinga zenye umbo la herufi Y, na zile za aina iitwayo IgG hupita kwenye kondo la nyuma, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, hadi katika damu ya mtoto. Bakteria wa pepopunda wakipenya kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, kingamwili huinasa sumu yao kabla haijashika neva; ikishashika, haziwezi tena kuizima, hivyo ni lazima ziwepo mapema. Mwaka 1890, wanasayansi Behring na Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya sungura aliyekingwa huwakinga panya dhidi ya sumu hiyo.